Ruhusa Niliyoitoa Bila Cheo

Saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, siku ya Jumatatu, ujumbe uliingia kwenye simu yangu: "Mzee, naomba ruhusa. Nyumbani Mbita kuna wageni wa mahari ya mdogo wangu. Nitakaa hadi Ijumaa."

Ulitoka kwa mwanamke ambaye nilikuwa nimefanya kazi naye kwa miezi kumi na mmoja bila kumwona hata siku moja. Kutokana na maelezo mafupi ya kwenye simu yake nilijua kwamba anaishi Kisian na kwamba ni mama wa watoto; baadaye nilijua pia kwamba haweki nukta mwishoni mwa sentensi ila anapoandika jambo zito. Ujumbe huu ulikuwa na nukta tatu. Nilimjibu baada ya dakika mbili: "Hakuna shida, Mama. Nenda salama. Usiharakishe kurudi. Mungu akutangulie."

Naomba msomaji anielewe. Nina umri wa miaka hamsini na mitatu, na mvi zilinianza nikiwa na arobaini na mmoja. Tangu hapo kila mtu Kisumu ananiita Mzee: muuza mkaa, karani wa benki, hata wanawake wanaonizidi umri. Isitoshe, kwetu mtu akitaka kuondoka huwaaga anaowaacha kwa kusema, "Naomba ruhusa." Ni adabu tu. Hakuna anayejibu, "Nimekataa, kaa chini." Nilidhani mwenzangu wa kazi ananiaga, na kwa kuwa katika miezi hiyo kumi na mmoja hakuna mwenzangu wa kazi aliyewahi kuniaga wala kunisalimu, nilifurahi mno hata nikamwambia mke wangu.

"Kuna mtu kazini ameniaga," nilisema.

"Kazini wapi?" akauliza. "Kazini kwako ni hapa kwa kabati."

Alisema kweli. Meza yangu ilikuwa kati ya kabati la nguo na dirisha, katika nyumba yetu ya vyumba viwili Nyamasaria. Zamani nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha minofu ya samaki, tukiwa watu arobaini, na kila siku saa nne tuligombana kuhusu nani amemaliza sukari ya chai. Kiwanda kilipofungwa nilijifundisha kupiga taipu kwa kitabu cha mtumba ambacho kurasa zake kumi za kwanza zilikuwa zimenyofolewa, kwa hiyo mpaka leo sijui vidole vinapaswa kuanzia wapi, lakini nikishaanza naenda vizuri. Ndipo nikapata kazi ya kunukuu mahojiano. Ofisi inakutumia sauti za watu waliohojiwa, wakulima, wachuuzi wa omena, kina mama wa vikundi, nawe unaandika kila neno walilosema. Unaandika pia yasiyo maneno, ndani ya mabano: [anacheka], [anakohoa], [kimya].

Ofisi ilikuwa Milimani. Hatukujua ni nyumba gani. Ilituita kwa tarakimu tatu za mwisho za namba zetu za simu. Mimi nilikuwa 118, mama wa Kisian alikuwa 306. Mkataba ulikuwa wa wiki mbili, na kila baada ya wiki mbili, Jumapili jioni, Ofisi ilituma kwenye grupu letu la simu orodha ya tarakimu zitakazoendelea. Usipojiona, basi. Hapakuwa na barua wala sababu. Sharti lilikuwa moja: usijadili kazi na mtu yeyote. Kwa hiyo kwenye grupu, ambalo lilikuwa na watu tisa, tulijibu kila tangazo kwa neno "Sawa" na Jumapili tukaongeza "Amina." Mara moja nilipitia jumbe zote za miezi hiyo, nikaona kwamba hakuna neno la tatu.

Nitasema na jambo ambalo silipendi. Kila mara tarakimu fulani ilipokosekana kwenye orodha, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba rekodi zake zitagawiwa kwetu tuliobaki. Pole ilikuja ya pili. Wakati mwingine ilichelewa mpaka Jumanne.

Na upweke huo ulikuwa umeanza kunibadilisha kwa njia nyingine. Mke wangu alikuwa akinieleza habari za sokoni, akinyamaza kidogo kutafuta neno, nami nasikia mkono wangu ukitaka kuandika [kimya]. Siku moja nilimwambia, kwa nia njema kabisa, "Hapo umenyamaza sekunde nne."

"Andika tano," akasema, akatoka.

Basi Jumanne ujumbe mwingine uliingia. Huu ulitoka kwa mtu niliyemjua kwa namba tu, ambaye baadaye nilifahamu kuwa mwalimu mstaafu wa Sondu. "Mzee, habari za ofisi? Rekodi za upepo zinatuumiza masikio. Tunaomba uzifikirie." Nilimjibu kwamba mimi nafunga kompyuta kila baada ya saa moja na kupumzisha masikio dakika tano, na kwamba kitambaa kilichoroweshwa maji ya baridi kinasaidia. Akajibu: "Asante sana Mzee kwa mwongozo." Jumatano mtu wa tatu akaniomba radhi kwa kuchelewa kuamka. Nilimsamehe. Jioni hiyo mwalimu akaandika tena: "Mama wa Kisian aliniambia Mzee ni mtu wa kuelewa. Alipewa siku zake bila maswali."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba walinidhani mkubwa wao. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

Baadaye nilifahamu jinsi walivyofikia uamuzi wao, na siwezi kuwalaumu. Niliandika sentensi kamili. Niliweka herufi kubwa pahali pake. Na picha yangu ya simu ilinionyesha nikiwa na tai mbele ya geti kubwa lenye maua ya zambarau, huko Milimani, ambako nilikwenda siku moja kwenye harusi ya mpwa wa mke wangu. Watu wasiojuana hujenga nyumba kwa matofali waliyo nayo. Tofali moja lilikuwa nukta, la pili lilikuwa geti.

Nilimwandikia mwalimu papo hapo: "Mimi si mkubwa wa mtu. Ni mfanyakazi kama wewe."

Akajibu: "Sawa Mzee. Tumeelewa. Itabaki kati yetu."

Nikaandika tena, kwa ukali zaidi. Akatuma kipicha cha mikono miwili iliyounganishwa.

Sitajifanya kwamba nililia. Siku tatu hizo watu watatu walikuwa wameniandikia kwa heshima. Niliandaa hata ratiba ndogo ya mapumziko ya macho, na nusura niitume. Lakini Ijumaa asubuhi tangazo la kawaida liliingia kwenye grupu: "Wote: rekodi zifike Jumapili saa sita mchana. Atakayechelewa hatakuwa kwenye orodha." Nikakumbuka mama wa Kisian. Wiki ile kila mmoja wetu alikuwa na rekodi saba. Nilimwambia asiharakishe kurudi, naye hakuharakisha.

Nilimpigia. Nilisikia kelele za watu wengi na sufuria.

"Mama," nikasema, "nina jambo la kukueleza kuhusu ile ruhusa."

"Ngoja, Mzee, ngoja niweke spika!" Akawapazia sauti wenziwe: "Ni bosi wangu! Anapiga kuuliza kama tulifika salama!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Sauti nzito ya mwanamume, ambaye nadhani alikuwa mjomba upande wa bibi harusi, ikasema, "Bwana mkubwa, tunashukuru. Mabosi wa siku hizi hawana utu, lakini wewe, omera, ndugu yangu, wewe ni mtu!" Kisha akaniuliza mbele ya wote kama ng'ombe sita wanatosha kwa msichana aliyemaliza chuo.

Katika hali hiyo nilishindwa kusema kwamba mimi si bosi. Nilisema ng'ombe sita ni mwanzo mzuri. Vigelegele vikaanza upya. Kisha nikamwandikia mama ujumbe kwamba nitafika kwake Kisian kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa jambo la kazi.

Huo ulikuwa ujumbe wa kijinga. Niliuona ujinga wake nilipofika. Ua lilikuwa limefagiliwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Kuku waliobaki walikuwa wamefungiwa. Nasema waliobaki kwa sababu mmoja alikuwa jikoni akiiva. Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini na minane, mfupi, amevaa nguo ya kanisani. Alirudi usiku uliotangulia, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la safari.

"Karibu Mzee, karibu sana. Hapa ndipo ninapofanyia kazi." Akanionyesha meza. Kompyuta yake ndogo ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kama mkate wa ushirika. "Watoto hawaingii. Huyu ni mama mkwe wangu, lakini hasikii vizuri, kwa hiyo siri za kazi ziko salama."

Mama mkwe alikuwa pembeni akipukuchua mahindi. "Nasikia," akasema.

"Mama," nilianza, "sikuja kukagua."

"Najua Mzee. Nawa mikono kwanza."

Nikanawa. Ugali ukaja, kuku akaja, na juu kabisa ya bakuli, peke yake, ikielekezwa kwangu, ilikuwa firigisi.

Kwa asiyejua, nitaeleza. Kwetu firigisi ya kuku hailiwi ovyo. Ni ya mwenye boma, au ya mgeni wa heshima kumzidi mwenye boma. Nilikuwa nimepewa heshima nyingi za bure wiki ile, na ruhusa nikaitoa mwenyewe, lakini niliona wazi kwamba nikiitia firigisi hiyo mdomoni nitakuwa mwizi. Nikalisukuma bakuli pembeni.

"Mimi si mkubwa," nikasema. "Mimi ni 118. Nanukuu kama wewe. Nilipokujibu Jumatatu nilidhani unaniaga. Sina mamlaka ya kumpa mtu hata dakika kumi. Ofisi haijui kwamba ulisafiri, na rekodi zako zinatakiwa kesho saa sita mchana."

Kama ningekuwa nanukuu, hapo ningeandika [kimya], na ningelazimika kutaja muda.

"Na lile geti?" hatimaye akauliza.

"Lilikuwa la harusi."

"Na tai?"

"Ya harusi vilevile."

Akakaa chini. "Kwa hiyo umekaa huko kwenu, bila cheo, bila ofisi, ukaniambia mimi 'usiharakishe kurudi'? Nani alikutuma uongeze hiyo? Ungesema tu 'safari njema' kama watu! Siku nne, Mzee! Siku nne nimeshinda nikihesabu ng'ombe za watu, rekodi saba zinaningoja! Unajua karo ya shule ya hawa watoto inatoka wapi? Inatoka hapo!" Akaelekeza kidole kwenye kitambaa cheupe.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Alilivuta bakuli, akachukua ile firigisi, akaitia mdomoni mwake, akaitafuna polepole akiniangalia usoni. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona mwanamke akila firigisi mbele ya mgeni mwanamume.

"Yawa!" mama mkwe akasema, na mahindi yakamponyoka.

"Acha nile," mama wa Kisian akamwambia. "Bosi hayuko."

Alipomeza, hasira ilikuwa imepungua kidogo, akaleta kompyuta. Rekodi saba, kila moja ya karibu saa nzima, na kila saa ya sauti inakula saa tano za kuandika. Mtu mmoja hawezi. Nikasema nitachukua tatu, kwa kuwa zangu mwenyewe nilikuwa nimebakisha moja. Yeye angefanya mbili. Zilibaki mbili.

"Tumpe mwalimu wa Sondu," nikasema.

Aliruka kama aliyekanyaga moto. "Yule? Yule ndiye jicho la ofisi! Kila mara anaandika 'Sawa' wa kwanza. Mtu wa kawaida anajibu haraka hivyo kwa nini?"

Nilimpigia mwalimu, safari hii nikaweka spika mimi. Nilimweleza yote. Akauliza, "Huyo mama yuko hapo?"

"Nipo," mama akasema.

"Samahani mama, lakini mimi nilidhani wewe ndiye jicho la ofisi. Nilikuandikia kwamba Mzee ni mkali ili nione utapeleka maneno wapi."

"Na mimi nikakujibu Mzee ni mtu wa kuelewa ili uende ukaripoti vizuri!"

"Sasa kwa nini unajibu 'Sawa' upesi hivyo?" nikamwuliza mwalimu.

"Naogopa," akasema. "Naishi peke yangu. Nikichelewa kujibu nafikiri wataona nimekufa, watoe namba yangu."

Mama wa Kisian alicheka kwanza, kisha akaacha. Mwalimu akachukua rekodi mbili.

Lilibaki tatizo ambalo mimi ndiye niliyeliona. Kazi yote ingetumwa kwa jina lake, kwa hiyo ilipaswa kufanana na yake. Nilirudi nyumbani na karatasi ya maelekezo aliyoniandikia kwa mkono: usiweke nukta, "kwa hivyo" iwe "kwaivo," na vicheko viandikwe inavyostahili. Kuandika bila nukta kulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa kama kutoka nje bila viatu. Kila baada ya mistari miwili kidole changu kilikwenda chenyewe.

Lakini vicheko ndivyo vilivyonishinda. Katika rekodi ya kwanza mchuuzi wa omena alieleza jinsi mkopo ulivyomponza, akacheka. Niliandika [anacheka] na kumsomea mama kwenye simu ili kuhakikisha.

"Hapana, sikiliza tena," akasema. "Huyo hajafurahi."

Nikasikiliza tena. Kweli, hakuwa amefurahi.

"Andika: [anacheka lakini hafurahi]. Ziko aina nyingine. Kuna [anacheka ili aliyemwuliza anyamaze]. Hiyo ni ya wanawake hasa."

Miezi kumi na mmoja nilikuwa nimeandika neno moja kwa vicheko vyote vya nchi. Nilidhani mimi ndiye mtu makini.

Mke wangu aliniletea chai asubuhi ya Jumapili, akanikuta nikizungumza kwenye simu na watu wawili kwa mpigo, mwalimu akilalamika kuhusu upepo na mama akimkemea kwa kuandika Kiswahili cha darasani. Mke wangu alisimama akasikiliza. "Nani amemaliza sukari huko kwenu?" akauliza, kisha akacheka. Nilitazama vizuri, alikuwa amefurahi.

Mama alituma rekodi ya saba saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Mimi ya kwangu ya mwisho niliituma saa sita kasoro dakika tatu, na naikiri kuwa kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kuitumia Ofisi. Kisha tukangoja. Mwalimu alikuwa akitupigia kila nusu saa kuuliza kama tumeona kitu, ingawa grupu lilikuwa moja na sote tulikuwa tukilitazama.

Orodha ilifika saa kumi na moja na dakika tano. Tarakimu nane. Kulikuwa na 118, kulikuwa na ya mwalimu, na mwisho kabisa 306, na mbele yake maneno ambayo Ofisi haikuwahi kumwandikia mtu: "306, kazi nzuri. Tumeona sasa unaweka nukta. Endelea hivyo."

Mama aliniandikia faraghani: "Umeniponza. Sasa nitaziweka mpaka lini?"

Lakini mmoja alikosekana, yule aliyewahi kuniomba radhi kwa kuchelewa kuamka. Safari hii tulimtafuta siku hiyo hiyo. Mwalimu alimpigia, na ikawa ni kijana wa Kaloleni aliyekuwa na hofu kuliko sisi sote. Mwalimu akamwambia kuna shule binafsi inatafuta karani, akampa namba. Sikusema kwamba rekodi zake zitakuja kwetu. Niliwaza, lakini sikusema.

Jumamosi iliyofuata tulikutana, kwa mara ya kwanza, kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa. Tulikuwa sita. Watatu walikataa, wakiamini kwamba ni mtego wa Ofisi. Mwalimu alikuwa mrefu, nami nilikuwa nimemfikiria mfupi. Yule wa Kaloleni alikuja na shati jipya. Tulipokaa, jambo la ajabu lilitokea: hatukuwa na la kusema. Watu ambao kazi yao ni maneno ya wengine tuliangalia samaki. Kisha simu ya mama ikalia, akaisoma, akamkazia macho mwalimu aliyekuwa ameketi mkabala naye.

"Uko hapa mbele yangu na unaniandikia 'Mama, hujambo'?"

"Nimezoea hivyo," mwalimu akasema.

Basi tukacheka, na hicho kicheko sikuhitaji kumwuliza mtu ni cha aina gani. Baada ya hapo maneno hayakuisha. Mwalimu alieleza jinsi anavyowasalimu watu wa kwenye rekodi kabla ya kubonyeza kitufe. Ikaonekana sote tunawasalimu. Kijana alisema huwa anawaaga pia.

Mhudumu alikuja na karatasi ya hesabu, akatutazama mmoja mmoja. "Nimpe nani?"

"Mpe Mzee," wakasema, watano kwa sauti moja.

"Jamani," nikasema, "si tulishakubaliana kwamba mimi si mkubwa wenu?"

Mama wa Kisian alikuwa akifuta vidole. "Nani amekuita mkubwa? Bosi ni cheo, kinaisha kila wiki mbili. Sisi tumesema Mzee."

Nikatoa pochi. Mhudumu alikuwa bado amesimama. Nikapitia karatasi mstari kwa mstari, kwa sababu ndivyo nilivyo: samaki sita kwa mia tano, ugali sita kwa hamsini, mboga sita kwa arobaini, soda nane kwa hamsini. Hesabu ilikuwa sahihi. Shilingi elfu tatu, mia tisa na arobaini.